Shoka la Mkono la Saint-Acheul: Wapenda Mambo ya Kale na Ushahidi wa Mawe

Tarehe 27 Aprili 1859, Waingereza wawili, Joseph Prestwich na John Evans, walifika kwenye shimo la kokoto huko Saint-Acheul, kando ya mji wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa. Katika ukuta wa shimo hilo, mita kadhaa chini ya uso wa ardhi, lilichomoza jiwe la gumegume lililochongwa na mkono wa binadamu. Wageni hao hawakulichomoa mara moja. Kwanza walimtaka mpiga picha alipige picha likiwa bado limebanwa na kokoto, huku mfanyakazi mmoja akilielekezea kidole. Baada ya hapo ndipo lilipotolewa.

Kwa mwanafunzi wa leo huenda jambo hilo likaonekana dogo. Hata hivyo, picha hiyo inabeba kanuni ambayo kila mpenda mambo ya kale hana budi kuishika. Jiwe lililochongwa hutoa ushahidi kwa njia mbili: kwa namna lilivyochongwa, na kwa mahali lilipolala. Ushahidi wa kwanza hubaki nalo popote litakapopelekwa. Ushahidi wa pili hupotea pale jiwe linapookotwa bila kumbukumbu, wala haurudi tena.

Afisa wa forodha na mawe yake

Katika bonde lilelile la mto Somme, kwenye mji wa Abbeville, aliishi Jacques Boucher de Perthes, mkuu wa forodha. Hakuwa profesa wala mwanajiolojia. Alipenda tu mambo ya kale, na kwa miaka mingi alikusanya mawe yaliyochongwa kutoka katika machimbo ya kokoto. Pamoja na mawe hayo ilipatikana mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani, wakiwamo tembo na vifaru wa kale. Boucher de Perthes alihitimisha kwamba binadamu aliishi wakati mmoja na wanyama hao, yaani zamani za kale kupita hesabu iliyokuwa ikikubaliwa na watu wengi wa siku zile. Kitabu chake cha kwanza kuhusu jambo hilo kilitolewa mwaka 1849.

Wataalamu wengi hawakumsadiki, na sababu zao hazikuwa za dharau peke yake. Pamoja na zana za kweli, alikusanya mawe ambayo maumbile yenyewe yalikuwa yameyapa sura, akayadhania kuwa sanamu za wanyama na watu. Isitoshe, mengi aliletewa na wachimbaji wa kokoto, na hapakuwa na shahidi mwingine aliyeweza kuthibitisha yametoka katika tabaka gani. Hata daktari Rigollot wa Amiens alikuwa na shaka mpaka mwaka 1854, alipokwenda mwenyewe Saint-Acheul, akajionea mawe katika ardhi, akabadili msimamo wake.

Ndiyo maana Prestwich na Evans walitaka picha. Jambo la kuvutia ni kwamba nao pia, wakati huo, hawakuwa watu wa vyuo. Prestwich alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, na Evans alikuwa katika biashara ya kutengeneza karatasi. Waliporudi London walisoma taarifa zao mbele ya vyama vya wataalamu mwezi Mei na Juni 1859, na tangu hapo hoja ya ukale wa binadamu ikakubaliwa na wengi. Mwezi Novemba mwaka huohuo kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya spishi kilichapishwa.

Evans alikumbusha pia barua iliyoandikwa mwaka 1797 na John Frere kuhusu mawe ya aina hiyo yaliyopatikana Hoxne, mashariki mwa Uingereza. Frere alieleza tabaka baada ya tabaka mpaka kina cha futi 12, mahali mawe yalipokuwa. Barua hiyo ilichapishwa mwaka 1800, ikasahauliwa karibu miaka 60. Lakini ilipofunuliwa tena ilikuwa bado na thamani, kwa sababu mwandishi wake alitaja mahali.

Jinsi gumegume linavyovunjika

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa kwanza kulijua jiwe lenyewe. Wazee wa pwani walilijua gumegume kwa bunduki iliyoitwa kwa jina hilo, ambayo kipande cha jiwe kiligonga chuma na kutoa cheche. Gumegume ni silika yenye chembe ndogo mno, nalo hupatikana zaidi katika matabaka ya miamba ya chaki. Tofauti na jiwe la kawaida lenye chembe kubwa, halina mistari ya ndani inayolifanya lipasuke upande mmoja kuliko mwingine. Huvunjika kama kioo kinene.

Pigo likiangukia karibu na ukingo, nguvu yake husambaa ndani ya jiwe kwa umbo la pia, mfano wa faneli iliyofudikizwa. Kibanzi hubanduka. Juu yake, chini kidogo ya mahali pa pigo, hubaki kinundu, na kuanzia hapo huenea mikunjo kama ile ya kombe la baharini. Ukingo wa kibanzi huwa mkali kiasi cha kukata ngozi na nyama. Mchongaji akitumia jiwe kama nyundo hupata vibanzi vinene. Akitumia pembe, mfupa au mti mgumu hupata vibanzi vyembamba na vipana. Sharti pembe ya ukingo anaoupiga iwe chini ya nyuzi 90. Ikizidi hapo, nguvu huzama ndani ya jiwe na kazi huharibika. Kwa hiyo kila shoka la mkono ni mfululizo wa maamuzi: kila pigo hutayarisha pigo linalofuata.

Bei ilipotangazwa

Baada ya mwaka 1859 shauku ya watu ilienea upesi. Wasafiri walikwenda katika bonde la Somme, kila mmoja akitaka kurudi na shoka la mkono, na wachimbaji waligundua kuwa jiwe moja laweza kuleta fedha. Yakiisha mawe ya kale, mapya yalichongwa.

Boucher de Perthes mwenyewe alikuwa ameahidi faranga 200 kwa atakayekuwa wa kwanza kupata mabaki ya mwili wa binadamu katika kokoto hizo. Mwezi Machi 1863, katika shimo la Moulin-Quignon karibu na Abbeville, taya la binadamu lilitokea pamoja na mashoka ya mkono. Tume ya wataalamu wa Kifaransa na Kiingereza ilikutana mwezi Mei, na wengi wao wakakubali kuwa vitu hivyo ni halisi. Evans hakuridhika. Mashoka yale yalikuwa na kingo mpya, hayakuwa na mng'aro wala rangi ambayo gumegume huipata kwa kulala muda mrefu ardhini, na udongo uliokuwa juu yake ulioshwa kwa urahisi. Alimtuma mtu mwenye uzoefu wa machimbo akafanye kazi bega kwa bega na wachimbaji. Taarifa iliyorudi ilikuwa kwamba mashoka yalipachikwa ukutani kwa makusudi. Hatimaye taya lenyewe nalo lilikataliwa.

Boucher de Perthes hakuwa mwizi wala mwongo. Kosa lake lilikuwa kuweka bei juu ya jambo alilotamani liwe kweli. Huu ndio upande wa hatari wa shauku: huwaita wanaotafuta ukweli pamoja na wanaotafuta soko.

Mchongaji awa shahidi

Katika miaka hiyohiyo aliishi Uingereza Edward Simpson, mtu maskini wa Yorkshire aliyejulikana kwa jina la Flint Jack. Alijifunza mwenyewe kuchonga mishale na mashoka ya gumegume, akawauzia wakusanyaji kama vitu vya kale. Mwezi Januari 1862 alialikwa mbele ya chama cha wanajiolojia mjini London, akachonga mawe hadharani huku watazamaji wakistaajabu. Lakini sifa hazikumpa riziki: mwaka 1867 alifungwa kwa kosa la wizi.

Hata hivyo, ujuzi wa aina yake ulikuwa na faida kwa sayansi. Evans alijizoeza kuchonga, akaenda pia kuwatazama mafundi wa mji wa Brandon, ambao bado walikuwa wakitengeneza mawe ya bunduki za gumegume. Kwa kujua nyundo ya chuma inaacha alama gani na nyundo ya jiwe inaacha alama gani, aliweza kutenga kipya na cha kale. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1872 kuhusu zana za mawe za Uingereza kilieleza majaribio hayo. Katika karne ya 20 njia hiyo iliendelezwa na François Bordes wa Ufaransa na Don Crabtree wa Marekani, na leo kuna maelfu ya watu wanaochonga mawe kwa kujifurahisha. Waaminifu miongoni mwao hukwaruza jina na tarehe juu ya kila zana, ili isije ikauzwa kesho kama kitu cha kale.

Thamani ya taka

Mkusanyaji wa zamani alichukua shoka zuri na kuacha vibanzi. Utafiti wa Boxgrove, kusini mwa Uingereza, umeonyesha alichokuwa akikitupa. Hapo, karibu miaka 500,000 iliyopita, watu walimchinja na kumkatakata farasi. Vibanzi vya gumegume vilibaki palepale vilipoanguka. Watafiti wameviunganisha kimoja kimoja, kama mtu aungaye vigae vya chungu, mpaka jiwe likarudia umbo lake la kwanza. Katika mengine katikati ni patupu: shoka lililochongwa humo lilichukuliwa na mwenyewe. Kwa njia hiyo hujulikana mchongaji alianza upande gani, aligeuza jiwe mara ngapi, na kwamba aliondoka na chombo chake. Kama mtu angelipita mapema na kuzoa vibanzi viwili vitatu vya kumbukumbu, hadithi hiyo isingesomeka kikamilifu.

Mawe ya Afrika Mashariki

Zana za aina iliyopatikana Saint-Acheul huitwa za Asheuli kwa jina la mahali hapo, lakini chimbuko lake si Ufaransa. Miongoni mwa zile za kale kabisa zilizokwisha kujulikana ni za Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zenye umri wa miaka milioni 1.76. Mafundi wa huku walitumia miamba mingine iliyokuwa karibu nao, lakini kanuni ya pigo na ukingo ni ileile.

Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, Louis na Mary Leakey walikuta mwaka 1942 mashoka ya mkono yakiwa yametapakaa kwa mamia. Badala ya kuyahamisha yote, sehemu kubwa yaliachwa palepale na njia ya mbao ikajengwa juu yake, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa watu wote. Mgeni huyaona jinsi yalivyokutwa. Huo ni mfano wa shauku ya wananchi kulishwa bila ushahidi kuliwa.

Isimila, karibu na mji wa Iringa, ilijulikana kwa wataalamu kwa njia ya kawaida zaidi. Mwaka 1951 mtu wa shule moja ya Johannesburg, akiwa safarini, aliona zana katika korongo lililochimbwa na maji, akatoa habari. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakafanya uchimbaji wa kitaalamu. Mvua za kila mwaka bado hufunua mawe mapya katika korongo hilo, nayo huwa mbele ya macho ya kila apitaye.

Wajibu wa shule

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 zinalinda vitu hivi. Lakini askari hawezi kusimama katika kila korongo. Mlinzi wa kweli ni mwanafunzi anayejua kwa nini jiwe lisiondolewe. Akiliona, na aliache lilipo. Achore ramani ndogo yenye mto, njia au mti mkubwa ulio karibu. Alipige picha pamoja na rula kama kipimo. Kisha amwarifu mwalimu, naye mwalimu aiarifu Idara ya Mambo ya Kale au makumbusho.

Mwalimu anayetaka kuonyesha uchongaji wa mawe asizuiwe, kwani mikono hufundisha kwa namna yake. Afanye kazi hiyo nje penye upepo, kwa miwani ya kinga na glavu, maana vumbi la silika huharibu mapafu, na mafundi wengi wa Brandon walikufa kwa maradhi hayo. Atandike turubai chini, akusanye kila kibanzi, na asichonge kabisa karibu na mahali pa kale. Vibanzi vilivyotupwa ovyo leo vitampotosha mtafiti wa kesho, kama mashoka ya Moulin-Quignon yalivyoipotosha tume ya mwaka 1863.

Afisa wa forodha, mfanyabiashara wa mvinyo, mtengenezaji wa karatasi na msafiri wa Isimila, wote waliifaa sayansi hii bila kuajiriwa nayo. Vijana wa shule zetu wanaishi karibu na machimbuko ya kale kuliko wao. Kinachotakiwa kwao ni jicho la kuona, na mkono wenye subira ya kutoshika kabla ya kuandika.