Mteja amelipa zaidi ya bei: pesa iliyozidi uiandike wapi?

Kama una duka Kakuma au Kalobeyei, bila shaka umeshakutana na jambo hili. Ankara ya mteja ni shilingi 32,600, lakini ujumbe wa M-Pesa unaoingia unasema 36,200. Siku nyingine mtandao unakwama, mteja anadhani pesa haikwenda, anatuma tena, na baadaye zote mbili zinaingia. Au ni jambo dogo zaidi: mtu ananunua vitu vya 940, anakupa noti ya 1,000, huna chenji, mnaagana kwa "utachukua kesho".

Kwa njia zote tatu umebaki na pesa ya mtu mwingine mkononi. Wafanyabiashara wengi ni waaminifu na wako tayari kuirudisha. Tatizo huanzia kwenye hesabu: pesa ile inaandikwa mahali pasipofaa, inachanganyika na mauzo, na mteja anaporudi baada ya wiki tatu hakuna anayeweza kuonyesha ilipo. Hapo maneno huanza. Na katika soko ambalo muuzaji ni mwenyeji wa Turkana na mteja ametoka Kongo, au kinyume chake, maneno ya shilingi mia chache huweza kuwa makubwa kuliko pesa yenyewe.

Makala hii inawahusu hasa walioanza kutumia programu za uhasibu kwenye simu au kompyuta: wauzaji wa jumla, vikundi vya vijana, na vyama vya ushirika ambavyo wafadhili wanataka kuona vitabu vyao. Si wachache. Utafiti wa IFC uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma. Kama wewe bado unatumia daftari, endelea kusoma. Kanuni ni ileile.

Si mauzo, ni deni

Tuchukue ule mfano wa kwanza. Uliuza magunia matano ya mchele kwa 4,600 kila moja, jumla 23,000, na mitungi miwili ya mafuta ya kupikia ya lita 20 kwa 4,800 kila mmoja, jumla 9,600. Bei hizi ni za mfano tu. Ankara ikawa 32,600, na mteja akatuma 36,200.

Mauzo yako yamebaki 32,600, kwa sababu mzigo uliotoka dukani haukuongezeka hata kilo moja. Ile 3,600 ni deni, na safari hii anayedaiwa ni wewe. Kwa hiyo vitabu vinatakiwa kuonyesha mambo matatu: M-Pesa imeongezeka kwa 36,200, ankara ya 32,600 imelipwa yote, na 3,600 imekaa chini ya jina la mteja kama salio lake.

Programu nzuri hufanya kazi hii zenyewe ukizipa nafasi. Katika QuickBooks, ukiingiza kiasi kilichopokelewa kama kilivyo, yaani 36,200, dhidi ya ankara ya 32,600, tofauti inawekwa kuwa salio la mteja. Zoho Books nayo hulitunza salio hilo katika akaunti ya pesa ambayo bado hujaifanyia kazi, yaani umeipokea lakini bado hujatoa bidhaa. Katika Xero, unapolinganisha pesa iliyoingia na vitabu, wewe mwenyewe unachagua kwamba haya ni malipo yaliyozidi. Ukichagua kuwa ni pesa ya kawaida iliyopokelewa, itaingia kwenye mapato na kupotelea humo.

Mambo huharibika pale mtu anapoona namba hazilingani na kuzilazimisha zilingane. Njia inayotumika sana ni kurudi kwenye ankara na kuibadilisha isomeke 36,200. Kwenye skrini kila kitu kinatulia, lakini sasa vitabu vinasema umeuza mchele ambao bado umo stoo, na siku ya kuhesabu mali utamshuku kijana wako wa dukani bila sababu. Wengine hutengeneza mauzo mapya ya 3,600 yasiyo na bidhaa. Madhara ni yaleyale, na kuna la zaidi: kama biashara yako inalipa KRA ile kodi inayotozwa kwa jumla ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni 3%, utailipia pesa ya mteja kodi ya shilingi 108. Ukija kumrudishia 3,600 yake, zile 108 zimetoka mfukoni mwako.

Wapo pia wanaoandika 32,600 tu na kuinyamazia iliyobaki. Hao hugundua mwisho wa mwezi kwamba taarifa ya M-Pesa ina pesa nyingi kuliko kitabu, na hawakumbuki ni ya nani.

Hapa kuna ujanja wa wahasibu unaofaa kuujua. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amebadilishana tarakimu mbili. Toa 32,600 kutoka 36,200 unapata 3,600. Gawanya kwa 9 unapata 400 kamili. Mteja alibonyeza 6 kabla ya 2. Haithibitishi kosa, ila inakuonyesha pa kuanzia kutafuta kabla hujamwita mtu mwizi.

Kabla ya kurudisha, hakikisha iliingia

Sehemu hii isome polepole, maana ndipo wafanyabiashara hupoteza pesa halisi.

Kuna matapeli wanaotuma ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, kisha wanapiga simu: "Ndugu yangu, nimekosea, nimekutumia 5,000 badala ya 500, tafadhali nirudishie." Hakuna pesa iliyoingia. Usiangalie ujumbe, angalia salio na taarifa ya akaunti yako. Kila muamala wa M-Pesa una namba yake ya herufi na tarakimu 10, na miamala miwili haiwezi kuwa na namba moja. Mteja akikuonyesha ujumbe mbili zenye namba ileile, hayo ni malipo mamoja yaliyosambazwa mara mbili. Namba zikiwa tofauti na zote zipo kwenye taarifa yako, basi kweli amelipa mara mbili. Ndiyo maana namba hiyo lazima iandikwe kwenye programu kila unapopokea malipo. Bila hiyo huna la kulinganisha.

Hatari ya pili ni kurudisha mara mbili. Kwa Safaricom, mtu aliyekosea kutuma anaweza kusambaza ujumbe wake wa M-Pesa kwenda 456 na kuomba muamala urudishwe. Ukimrudishia mkononi, naye huku ameshaomba 456, unaweza kuingia hasara. Muulize kwanza kama ameshaomba. Kama pesa yote ilikosea njia, yaani mtu humjui na hakununua kitu kwako, mwache atumie 456 badala ya wewe kumtumia. Kama ni mteja wako na ni sehemu tu iliyozidi, malizaneni ninyi wawili, mkiandikiana. Na hakuna marejesho yoyote duniani yanayohitaji utaje namba yako ya siri.

Nikurudishie, au tukate kwenye mzigo ujao?

Swali hili linajibiwa na mteja. Muuzaji anaweza kupendekeza, lakini si haki kuamua kwa niaba yake kwa sababu tu pesa iko kwako. Mpigie siku hiyohiyo: "Mama, umetuma zaidi. Nina 3,600 yako hapa. Nikurudishie, au tuikate kwenye mzigo ujao?" Kwa familia inayopanga chakula cha mwezi, 3,600 iliyolala dukani kwako si jambo dogo.

Akichagua kukata, kazi ni rahisi. Mzigo ujao ni wa 8,000. Unaandika ankara ya 8,000 kamili, unatumia salio la 3,600, na anakulipa 4,400. Usiandike ankara ya 4,400, maana utakuwa umepunguza mauzo yako. Angalia pia kwamba QuickBooks ya mtandaoni ina mpangilio unaotumia salio la mteja kwenye ankara bila kukuuliza. Unaokoa muda, lakini mimi ningeuzima katika duka ambalo mteja mmoja ana ankara kadhaa, mojawapo ikiwa na mgogoro. Huenda programu ikapeleka pesa kwenye ile ambayo mteja anaikataa.

Hilo linagusa tabia nyingine: mteja ana deni la zamani, analipa zaidi kwa bahati mbaya, na muuzaji anaikata kimyakimya kwenye deni. Pengine deni ni la kweli. Bado mwambie kwanza, na umpe karatasi au ujumbe unaoonyesha deni lilikuwa ngapi na sasa limebaki ngapi.

Akichagua kurudishiwa, jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni Fuliza. Laini ya mteja ikiwa na deni la Fuliza, pesa itakayoingia itakatwa kulipa deni hilo kabla hajaigusa. Atakuja kukuambia hujatuma, nawe una ujumbe unaosema umetuma, na wote mtakuwa mnasema kweli. Muulize mapema, labda atapendelea taslimu, na hapo asaini.

La pili ni jinsi ya kuandika marejesho. Watu wengi huyaingiza kama matumizi, pamoja na kodi ya duka na nauli ya pikipiki. Hiyo inaonyesha faida imepungua kwa 3,600 huku salio la mteja likiendelea kuonekana kama hajalipwa, na mwaka ujao mtu mwingine anaweza kumlipa tena. Marejesho lazima yafunge lile salio. Katika Zoho Books na Xero unayafungulia marejesho palepale kwenye malipo yaliyozidi. Katika QuickBooks ya mtandaoni ni hatua mbili: unaandika pesa iliyotoka kwenye akaunti ya wadaiwa ukitaja jina la mteja, kisha unafungua ukurasa wa kupokea malipo na kuunganisha pesa hiyo na salio lake hadi jumla iwe sifuri. Hatua ya pili ndiyo husahaulika.

Ada ya kutuma ni kitu kingine. Hiyo ndiyo matumizi, kama umeibeba wewe. Kama mmekubaliana aibebe mteja kwa kuwa kosa lilikuwa lake, iandike ionekane, asije akadhani umemla.

Jina kwenye ujumbe si la mteja

Kambini watu wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu, jirani au rafiki Mkenya, kwa sababu ya shida za vitambulisho. Hivyo unapokea 36,200 kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga dukani. Ukifungua mteja mpya kwenye programu kwa jina hilo, ankara itabaki inadai 32,600 kwa mteja halisi, na mgeni ataonekana ana salio la 36,200. Sajili malipo kwa jina lililo kwenye ankara, na kwenye nafasi ya maelezo andika jina na tarakimu za mwisho za namba iliyotuma.

Kurudisha ndiko kugumu zaidi. Salama yako ni kuirudisha kwenye laini iliyolipa, kwa sababu mwenye laini anaweza kuja kudai. Mteja akitaka itumwe kwingine, mwenye laini akubali kwa ujumbe kutoka namba ileile, na uuhifadhi. Ni usumbufu, najua. Lakini kesi za namna hii zikifika kwa viongozi wa bloku au wazee wa jamii, ujumbe kama huo huzimaliza haraka kuliko mashahidi watano.

Kwa daftari, na kwa wanaoondoka

Anayetumia daftari atenge kurasa za nyuma na kuziandika "Pesa za wateja". Kila mstari uwe na tarehe, jina, kiasi, namba ya muamala, na nafasi ya kuandika ilivyomalizika. Chenji ya shilingi 60 nayo iingie humo. Wengi huidharau, lakini wateja 20 wa namna hiyo kwa wiki ni shilingi 1,200.

Mwisho wa kila mwezi soma orodha yote ya masalio, iwe ya daftari au ya programu, na upige simu. Hapa kwetu kungoja kuna hatari yake: mteja anaweza kupata safari ya makazi mapya nchi ya mbali, kurudi kwao, au kuhamia kambi nyingine, na laini yake ikazimwa. Pesa yake haiwi yako kwa sababu amesafiri. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali ya fedha isiyodaiwa, na mamlaka inayoisimamia. Ni afadhali kumtafuta kupitia jamaa waliobaki wakati bado wanajua alipo, na salio libaki limeandikwa kwa jina lake mpaka apatikane.

Na kama anayeondoka ni wewe mwenye duka, orodha hiyo ikabidhiwe pamoja na funguo. Atakayelichukua duka aijue kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu wateja watamwendea yeye.