Tundu kwenye gamba la kombe si kazi ya mawimbi

Maji yakipwa, okota magamba ya kombe ufukweni uyatazame. Baadhi yana kitundu cha mviringo, safi kana kwamba kimetobolewa na fundi. Wengi huniambia ni mawimbi. La hasha! Ni konokono wa baharini aliyemla mwenye nyumba.

Konokono huyu humshika kombe kwa mguu wake, hulainisha gamba kwa tindikali, kisha hulikwangua kwa ulimi wenye meno madogo. Kazi yenyewe ni ya polepole, takriban nusu milimita kwa siku. Gamba la milimita mbili litamchukua siku nne hivi, na muda wote huo kaa anaweza kumla yeye. Ndiyo maana unene wa gamba ni ngao.

Ngao hiyo hailingani duniani kote. Katika maji ya joto kama yetu karibu na ikweta, kombe hujenga gamba la chokaa kwa urahisi. Kwenye maji baridi ya Antaktika, ujenzi huo una gharama kubwa zaidi, na magamba kwa kawaida ni membamba.

Mwanasayansi Geerat Vermeij, asiyeona tangu utotoni na anayechunguza magamba kwa vidole, aliongeza sababu nyingine: penye maadui wengi, windo hujihami, na adui naye hunoa silaha.

Je, basi matundu ni mengi zaidi ikweta? Tafiti hazikubaliani. Nyingine zinasema ndiyo. Nyingine zimekuta mengi zaidi katikati, kati ya ikweta na ncha za dunia. Sishangai, kwani ngao nene huwazuia konokono hata wakiwa wengi.

Jambo linalonitia wasiwasi ni hewa ya kaboni tunayoitoa tukichoma mafuta na makaa. Ikiingia baharini hupunguza malighafi ya gamba. Ngao ikipungua, atakayeumia baada ya kombe ni mama anayechimba matopeni apate kitoweo.

Ninashauri shule na BMU zetu zihesabu matundu kila mwaka, ufuo uleule. Kumbukeni kombe mmoja ana magamba mawili, na kwa kawaida hutobolewa moja tu. Magamba 100 ni kombe 50; mkikuta matundu 10, walioliwa ni mmoja kwa kila watano. Pimeni na unene pia. Hesabu hiyo haihitaji maabara.