Unataka kujua kama mimi ni mtu, ama mimi ni nani?

Ukishuka bodaboda Makwasinyi ukiwa mgeni, watu hawaanzi na jina lako. Wanakuuliza, "Wewe ni wa nani?" Ukitaja babu anayejulikana pale chini ya Mlima Kasigau, umekaribishwa. Hakuna mashine. Lakini pia hakuna siri. Kufikia jioni kijiji kizima kinajua umetoka Voi, umebeba nini na umelala kwa nani.

Intaneti haina mzee wa kijiji. Ndiyo maana mitandao inakusumbua eti uchague picha zenye taa za barabarani, uonyeshe wewe si roboti. Shida ni kwamba maroboti yenyewe yashajua kuzichagua, tena haraka kukuliko. Akili unde inaandika, inaongea, inachora sura ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Jamaa mmoja mwenye akaunti elfu moja anaweza kukufanya uamini nchi nzima imekasirika.

Basi wakaja Worldcoin na mpira wao unaong'aa. Unautazama, unapiga picha mboni za macho yako, unageuza picha hiyo kuwa namba. Namba kama hiyo ikiwa tayari imesajiliwa, wewe umerudi mara ya pili na unakataliwa. Mmoja wa waanzilishi ni Sam Altman, yule bosi wa OpenAI, kampuni ya ChatGPT. Yaani anayetuletea roboti ndiye anatuletea kipimo cha kumjua asiye roboti. Hustle safi.

Kenya wasee walijaa KICC wakapanga laini, na si kwa mapenzi ya teknolojia. Kila aliyejisajili aliahidiwa sarafu za kidijitali za thamani ya kama Sh7,000. Tarehe 2 Agosti 2023, Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki akasimamisha shughuli hiyo. Kufikia hapo zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wametoa macho yao.

Tuwe fair kidogo: hawakuhitaji jina lako wala kitambulisho. Walichodai ni kwamba wanataka tu kujua wewe ni mtu, na ni mmoja. Hilo ni wazo zuri kuliko la serikali zetu, ambazo tangu enzi za kipande cha mkoloni, kile Mwafrika alivalishwa shingoni kikiwa na alama za vidole vyake, zimetaka kujua kila kitu kwa mpigo.

Lakini jicho si nywila. Nywila ikivuja unabadilisha. Jicho likivuja utabadilisha nini? Halafu kuna ile ridhaa. Mei 5, 2025, Jaji Aburili Roselyne wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyowasilishwa na Katiba Institute, aliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna wa Data. Kampuni haikuwa imefanya tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ridhaa ilipatikana kwa kuwashawishi watu na sarafu. Mtu aliyelala njaa ukimwonyesha elfu saba, "nakubali" yake ina uzito gani?

Kumbe kuna njia nyingine, na ni ya zamani. Mwaka 1982 Mmarekani David Chaum alieleza hesabu ambayo mfano wake ni bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani. Tuilete nyumbani. Unajiandikia namba yako ya siri kwenye karatasi, unaifunga kwenye hiyo bahasha, unaipeleka kwa chifu. Chifu anakujua, anajua hujawahi kuja, anagonga muhuri juu ya bahasha. Kaboni inapitisha muhuri hadi kwenye karatasi, lakini namba hajaiona. Unaenda zako, unatoa karatasi, unaitumia mtandaoni. Mtandao unaona muhuri, unajua huyu ni mtu halisi na ni mmoja. Haujui ni nani, na hata chifu akiulizwa hawezi kusema namba ipi ni ya nani. Kompyuta inafanya hivyo bila karatasi yoyote, na hakuna jicho la mtu linalohitajika.

Mimi naipenda kuliko mpira, ila nayo ina tobo. Karatasi yenye muhuri inauzika. Mwaka 2021 utafiti wa Mozilla ulionyesha vijana Wakenya wakilipwa kusukuma heshitegi za kisiasa kwenye Twitter. Hao walikuwa watu kabisa, wenye macho na vidole. Kila mmoja wao angepita kwenye mpira wa Worldcoin, na kila mmoja angegongewa muhuri na chifu wa kwao.