Kompyuta ya gemu ikikwama sekunde mbili, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia

MPWA wangu ana kibanda cha gemu hapa Mabanda, kwenye njia ya kwenda mpaka wa Mugina. Ana mashine nne, vijana hulipa kwa nusu saa. Inayogombaniwa kuliko zote ni ile yenye kadi ya picha ya NVIDIA GTX 1060, tuliyoinunua ikiwa imekwishatumika ng'ambo ya pili, Manyovu, kwa shilingi laki tisa za Kitanzania.

Mwezi Machi mwaka 2024 mashine hiyo ilianza ugonjwa. Kijana yuko katikati ya mechi, picha inakwenda vizuri, ghafla inasuasua kwa sekunde mbili au tatu, halafu inarudi kama hapakutokea kitu. Haizimi, wala haioneshi ujumbe wa kosa. Wateja wakaanza kudai pesa zao.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilisoma ukimbizini, Kasulu, nikarudi mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa. Kwa hiyo katika ukoo wetu kila kitu chenye waya huletwa kwangu, na mimi sina tabia ya kusema sijui.

Nilitoa hukumu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesoma kwamba Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia katika soko la mitumba. Nikasema hii ni mojawapo. Nikampigia simu mama aliyetuuzia, ambaye tulikaa naye dawati moja kule Kasulu.

"Dada, umetuuzia kadi iliyokufa," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo. "Mwalimu, mimi sizifungui, nauza kama zilivyoingia. Njoo uchukue laki na nusu, yaishe."

Nilivuka mpaka, nikazichukua. Alinihesabia bila kuniangalia usoni.

Mashine haikupona, maana hela haitibu kompyuta. Ndipo nikaanza kufanya nilichopaswa kufanya mwanzo, yaani kuiuliza kadi yenyewe.

Ndugu msomaji, kadi ya picha hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo huhesabiwa kwa megahezi. GTX 1060 imeandikiwa 1506, hupanda mpaka 1708, na ikiwa na ubaridi na umeme wa kutosha hupita hapo yenyewe. Isipokuwa na kazi hushuka mpaka 139. Kushuka peke yake, basi, si ugonjwa. Ukifungua menyu ya gemu au ukisubiri uwanja upakiwe, kadi inapumzika kama mtu yeyote.

Kuna programu ya bure iitwayo GPU-Z. Inaonesha mapigo, joto, na asilimia ya kazi ambayo kadi inafanya. Cheza gemu huku inaandika, kisha tazama kipi kilianguka kwanza. Kama asilimia ya kazi ndiyo iliyoporomoka, mapigo yakafuata, kadi haina kosa. Inasubiri kuletewa kazi. Hapo mtafute prosesa, memori iliyojaa au hadi diski ya zamani inayokoroma.

Yetu haikuwa hivyo. Kazi ilikuwa asilimia 98, mapigo yakaanguka kutoka 1850 hadi mia sita na kitu, yakarudi. Hiyo ni kadi inayotaka kukimbia lakini imeshikwa mguu.

Nani kaishika? Programu hiyo ina mstari unaoitwa PerfCap Reason. Ukiandika Thrm, ni joto. Ukiandika Pwr, ni umeme. VRel maana yake kadi imefika kikomo cha volti zake, na hilo ni la kawaida, lisikutishe. Hata Pwr si msiba kama mapigo yamepungua kidogo tu. Ni pale yanapoporomoka kama yetu.

Sisi tulipata Pwr. Joto lilikuwa nyuzi 68, wakati kadi hii huanza kujizuia karibu na nyuzi 83. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha poteza Jumapili nzima kupuliza vumbi na kubadilisha krimu ya kupozea. Nilinunua na stabilaiza pia, nikidhani ni umeme wetu wa jioni. Haikusaidia.

Kadi hii hula wati 120. Tundu la ubao mama hutoa hadi wati 75, na plagi yake ya pini sita imeruhusiwa 75 nyingine. Nikafungua kasha kufuata waya wa plagi hiyo. Haukutoka moja kwa moja kwenye pawasaplai. Ulipita kwenye adapta ndogo, upande mmoja pini sita, upande wa pili plagi bapa ya SATA, ile ya hadi diski. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea moja na nusu. Zidisha mwenyewe: wati 54. Nilipima kwa mita gemu likiwa linaendelea (usijaribu kama hukuzoea). Plagi nyingine ya pawasaplai ilisoma volti 11.9, upande wa kadi 11.1. Kiwango hakitakiwi kushuka chini ya 11.4. Ampea tano zikipoteza volti 0.8 njiani ni wati nne za joto ndani ya kipande cha plastiki. Kilichobaki ni moto.

Adapta hiyo haikutoka Manyovu. Januari umeme ulipopiga, pawasaplai ya asili iliungua. Ile mpya niliyoinunua kwa bei rahisi haikuwa na plagi ya pini sita. Mimi ndiye niliyechomeka adapta, kwa mkono huu ninaoshikia chaki kuwafundisha watoto sheria ya Ohm.

Tulinunua pawasaplai yenye plagi yake. Kadi ikakaa juu ya 1800 jioni nzima.

Jumamosi iliyofuata nilivuka tena na laki na nusu yangu. Yule dada alizihesabu mara mbili, safari hii akiniangalia. Akaomba nimwachie ile adapta. Sasa imening'inia dukani kwake juu ya kaunta, na kila mnunuzi anayeanza kulalamika huoneshwa kwanza, kisha huulizwa ni nani aliyefungua mashine mara ya mwisho.