Mzee Asiyesikia Si Mkaidi

Mara nyingi twasikia watu wa nyumbani wakinung'unika hivi: "Babu akiitwa haitiki, lakini ngoma ya mbali huisikia." Wengine humwita mkaidi, wengine husema akili zimempungua. Yafaa tujue asili ya jambo hili, tusije tukawadhulumu wazee wetu.

Wala si jambo geni. Barzilai, alipokuwa mtu wa miaka 80, alimwambia mfalme Daudi ya kuwa hawezi tena kusikia sauti za waimbaji.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojipinda mfano wa konokono. Mwaka 1851 Alfonso Corti, Mwitalia, alieleza jinsi kilivyo. Humo mna chembe zenye vinyweleo, kadiri ya 15,000 katika kila sikio, ndizo zipokeazo sauti, na mishipa ya fahamu huzipeleka mpaka ubongoni. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Huharibika kwa uzee, na kwa kelele kubwa za miaka mingi, kama za mashine, na pengine kwa dawa kali kama streptomisini.

Zitanguliazo kuharibika ni zile zipokeazo sauti nyembamba. Ndiyo sababu mzee husikia ngoma, asisikie mjukuu. Herufi kama f, s, na t humpotea kwanza. Ukisema "fika," yeye hudhani umesema "pika" au "shika," akajibu kombo, na watoto wakacheka. Akiisha kuchekwa mara nyingi, huona heri anyamaze, tena huacha kuja barazani. Hasara yake ni kubwa, maana mwaka 2020 tume ya mabingwa wa jarida la The Lancet ilitaja upungufu wa kusikia kuwa miongoni mwa mambo yaongezayo hatari ya kupotewa na akili uzeeni.

Basi tufanyeje? Kumpigia kelele hakufai. Sauti nene huzidi, na herufi nyembamba hazimfikii, naye hudhani anagombezwa. Afadhali kumgusa bega kwanza, kisha kukaa mbele yake penye mwanga apate kuona midomo, na kusema taratibu. Asipofahamu, tubadili maneno. Redio izimwe, wala watu wawili wasiseme pamoja. Walimu nao wawafundishe watoto desturi hii.

Tena apelekwe hospitali, kwa kuwa huenda sikio limezibwa na nta tu, nayo huondolewa. Asichokolewe kwa kijiti, wala asitiwe mafuta ya moto. Na ikiwa ni uzee, viko vyombo vidogo vya kusaidia kusikia. Havirudishi masikio ya ujana, lakini humrudisha mtu katika mazungumzo.

Wazee walitufunza ya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi mkuu naye asiposikia letu, ni juu yetu kumsogelea.