GARI YA TURBO HAIVUTI MLIMANI? PIMA SENSA HII KABLA HUJANUNUA TURBO NYINGINE

Leo tuongelee ugonjwa unaowamalizia hela wenye Prado na Surf za turbo huku kwetu Masasi. Gari inatoka Lukuledi poa kabisa, kwenye tambarare inakwenda, ikianza kupandisha uwanda wa Makonde kuelekea Newala nguvu zinaisha. Unakanyaga mafuta mpaka chini, hola! Ukiuliza kijiweni jibu ni moja tu: turbo imekufa, tafuta nyingine. Subiri kwanza.

Nyingi ya gari hizo za miaka ya 1990 zina injini ya dizeli ya 1KZ-TE, lita 3.0. Pampu yake inaongozwa na kontroo boksi. Waya wa pedali unafungua kipepeo cha hewa tu, na ubavuni mwake kuna sensa ndogo yenye skrubu mbili. Mafundi wanaiita TPS. Kazi yake ni kuiambia kontroo boksi umekanyaga kiasi gani. Wewe umekanyaga mwisho, yenyewe ikisema nusu, basi unapewa dizeli ya nusu.

Turbo inaingiaje hapo? Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Dizeli ikiwa kidogo, moshi nao unapungua, turbo haizunguki vya kutosha. Kwa hiyo turbo nzima inaonekana mbovu! Gia boksi ya otomatiki nayo inasikiliza sensa hiyo hiyo, ndo maana gari inabadili gia ovyo.

Sasa kazi yenyewe:

1. Anza na vya bure. Angalia filta ya hewa (vumbi la kwetu mnalijua) na mipira ya hewa ya turbo kama imepasuka.

2. Mtu akanyage pedali mpaka chini, wewe uangalie kipepeo kama kinafunguka chote. Kama hakifunguki, rekebisha waya kwanza.

3. Chukua mita ya umeme. Washa swichi bila kuwasha injini. Sensa ina waya tatu au nne: mmoja una volti 5, mmoja ni ethi, na mmoja namba yake inapanda ukikanyaga. Huo wa kupanda ndo tunaoutaka.

4. Pedali ikiwa imeachwa, kwa Toyota nyingi za aina hii utasoma kati ya volti 0.3 na 0.8. Ikikanyagwa mwisho inapita 3. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha injini yako.

5. Kanyaga POLEPOLE. Namba ipande bila kuruka. Ikiruka au ikidondoka katikati, sensa imelika ndani. Hapo hakuna kuseti, ni kubadilisha.

6. Ikipanda vizuri ila inaanzia pabaya, weka alama ilipokaa, legeza skrubu mbili kidogo, izungushe taratibu mpaka namba ikae, kaza, halafu pima tena. Ukikaza huwa inahama!

7. Chomoa betri dakika chache, rudisha, kajaribu mlimani.

Onyo: ile skrubu ndogo inayozuia kipepeo kisifunge kabisa USIIGUSE. Imesetiwa kiwandani. Wengi wanaizungusha ili kupandisha sailensa, matokeo yake sensa inadanganya tangu mwanzo.

Gari za petroli zenye waya, kama Subaru turbo za zamani, kanuni ni hiyo hiyo, namba fuata kitabu chake. Ila pedali ikiwa ya umeme, kama kwenye D-4D, hakuna cha kulegeza hapo.

Vijana mnaojifunza ufundi, mita ni ya bei ndogo kuliko turbo ya mtu. Anayepima kabla ya kufungua ndo wateja watamfuata msimu wa korosho.

Mafundi wazoefu tuongezeeni hapo chini. Naomba kuwasilisha.