Joto Libaki, Moshi Utoke: Kuokoa Joto la Nyumbani bila Kuhatarisha Pumzi

Kijiji cha Mwamgongo kimejengwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Mbele yake ni ziwa, nyuma yake ni milima mikali. Huko, kama katika sehemu nyingi za vijijini nchini, kuni hutafutwa kwa jasho, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea. Katika moto wa mafiga matatu, takribani asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni huingia katika chungu. Iliyobaki hupanda paani pamoja na hewa ya moto na moshi.

Usiku wa mvua, upepo unapovuma kutoka ziwani, familia huweza kutamani kulizuia joto hilo lisitoke. Madirisha hufungwa, nafasi za ukutani huzibwa, au jiko la mkaa huingizwa katika chumba cha mama aliyejifungua ili kumpasha joto mtoto mchanga. Nia ni njema, lakini tendo hilo laweza kuua.

Joto na hewa si kitu kimoja

Hewa ya moto hubeba joto, lakini hubeba pia kila kilichotoka motoni. Katika nchi za baridi kama Uswidi na Kanada, nyumba nyingi zina mashine zinazorejesha joto la hewa inayotolewa nje. Ndani yake, hewa chafu inayotoka na hewa safi inayoingia hupita kandokando, zikitenganishwa na kuta nyembamba. Joto huvuka kuta hizo. Hewa mbili hazichanganyiki. Hata penye teknolojia hiyo, basi, kinachookolewa ni joto, na hewa iliyotumika hutolewa nje.

Aidha, hewa ni mbebaji dhaifu wa joto. Lita 1 ya maji ikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi huhifadhi joto sawa na zaidi ya lita 3,000 za hewa. Kwa nyumba ya Mwamgongo, faida kubwa hupatikana kwa kulinasa joto ndani ya chungu kabla halijafika paani.

Madhara ya hewa iliyofungiwa

Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huchangia nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, maradhi ya moyo, kiharusi na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito pungufu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Mkaa hudhaniwa kuwa salama kwa sababu moshi wake ni mdogo. Hata hivyo, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Mahali penye malaria nyingi kama Kigoma, ni rahisi dalili hizi kuhesabiwa kuwa malaria. Mhudumu wa afya aulize: Je, watu kadhaa wa nyumba moja wameugua kwa wakati mmoja? Je, hupata nafuu wakitoka nje? Je, kulikuwa na jiko chumbani? Kukosekana kwa homa huongeza shaka.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize mhudumu, kwa kuwa vifaa vya kawaida havitofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile iliyoshikwa na gesi hii. Mgonjwa atolewe mara moja kwenye hewa safi, apewe oksijeni nyingi kwa barakoa, kisha apelekwe hospitali.

Namna salama ya kuokoa joto

Kwanza, jiko banifu lenye kuta za udongo hukumbatia chungu na kupunguza joto linalopotea. Likiwa na bomba, moshi hutolewa nje. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe, umehimiza majiko ya kuni chache ili kupunguza ukataji wa misitu.

Pili, kuni zikaushwe vizuri, kwani kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo na hutoa moshi mwingi. Chungu kifunikwe.

Tatu, maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemshwe kwa nguvu kwa nusu saa, kisha chungu kiwekwe katika kikapu kilichojazwa majani makavu na kufunikwa kwa blanketi. Yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kabla ya kuliwa, yachemshwe tena.

Nne, mtoto mchanga, hasa njiti, apashwe joto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevikwa kofia na kufungwa kwa kitenge. Utafiti uliohusisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza huduma hii ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito pungufu kwa takribani robo, ikilinganishwa na kusubiri hali zao zitengemae.

Mama huyo na mtoto wake wafunikwe vizuri, dirisha liachwe wazi kidogo, na jiko la mkaa libaki nje.